Sensa za betri kwenye baridi ya Mbeya: jinsi ya kuzifunga na kuzitunza

Kila Juni simu yangu huanza kuita mapema. "Fundi, alamu yako imelia pii pii saa kumi na moja alfajiri, inasema betri. Sasa hivi saa nne imenyamaza kabisa." Uyole au Forest, maneno ni yale yale. Alamu haijaharibika. Betri ya alkalini ikipigwa na baridi hudhoofika, na sensa, kile kifaa kinachohisi mlango ukifunguliwa au mtu akipita, inapotaka kutuma mawimbi volti hushuka. Jua likitoka, inapata nguvu tena. Betri ilikuwa imeshachoka siku nyingi, baridi imeisema tu.

Ndiyo maana kwangu kufunga sensa (za alamu ya wizi, si ile ya 2022 ya kuhesabu watu) ni kazi ya siku moja, na betri ndiyo kazi ya miaka.

Hatua ya 1: Sajili mezani

Usianze na drili. Weka paneli (boksi kuu la alamu linalopokea mawimbi ya sensa) na sensa zote mezani. Hakikisha zinaongea masafa mamoja: nyingi ni 433 MHz au 868 MHz, na hata masafa yakilingana, sensa ya kampuni moja mara nyingi haielewani na paneli ya nyingine. Iweke paneli katika hali ya kusajili, vuta kile kiplastiki kinachozuia betri, bonyeza kitufe cha sensa, subiri mlio. Kisha ipe jina la mahali: "Mlango wa stoo", si "Zoni 3". Saa nane usiku hakuna anayekumbuka zoni 3 ni wapi.

Hatua ya 2: Pima mawimbi kabla ya kutoboa

Bandika sensa kwa selotepu mahali unapotaka ikae, funga milango yote, kisha iamshe mara kumi. Paneli ikipokea mara nane, mahali hapo hapafai. Ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma mawimbi yanapita, mitatu yanachoka. Adui mkubwa ni chuma: kuta za bati, mlango wa geti, hata friji. Niliwahi kufunga sensa kwenye stoo ya mbolea iliyojengwa kwa bati pande zote, nikatoboa kwanza. Matundu yale bado yapo. Mara nyingi kusogeza paneli mita mbili kunatosha. Iweke katikati ya nyumba, juu kidogo, mbali na kabati la chuma.

Hatua ya 3: Sensa ya mlango

Sensa kwenye fremu, sumaku kwenye mlango, nafasi kati yake isizidi sentimita moja. Mlango wa chuma hupunguza nguvu ya sumaku, kwa hiyo weka kipande cha mbao chini ya sumaku na kingine chini ya sensa. Milango ya mbao za misonobari isiyokauka vizuri ina vituko vyake: mvua zikianza Novemba inavimba, kiangazi inasinyaa na kupinda, nafasi inakua hadi alamu inadhani mlango umefunguliwa. Acha akiba.

Hatua ya 4: Sensa ya mwendo

Kona ya chumba, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4. Inaona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeifuata moja kwa moja, kwa hiyo usiielekeze mlangoni, iache iutazame mlango kwa ubavu. Isitazame dirisha lenye jua, wala pale mama anapoweka jiko la mkaa Julai ili sebule ipate joto.

Ukishaweka betri, ipe dakika mbili itulie. Ukipita ikawaka, ukipita tena isiwake, usiseme imekufa. Nyingi zikishaona mtu hulala kama dakika tatu ili kulinda betri. Toka, funga mlango, subiri, ndipo ujaribu. Na futa lenzi: buibui akitembea juu yake, yeye ndiye mwizi.

Hatua ya 5: Betri

Weka aina iliyoandikwa kwenye sensa, basi. Ukiwa bado hujanunua, kwa stoo, baraza na gereji chagua sensa inayotumia lithiamu, kama CR123A ya volti 3, kwa sababu inavumilia baridi kuliko alkalini. Lakini mita ya kupimia volti inaweza kukudanganya: lithiamu hushikilia volti zake karibu hadi mwisho, kisha huanguka ghafla. Mimi naandika tarehe juu ya betri kwa kalamu ya wino mzito, na nazibadilisha Mei, kabla ya baridi. Kama sensa ina betri mbili, badilisha zote kwa pamoja.

Kabla ya kufungua kifuniko, iweke paneli katika hali ya matengenezo. Ndani kuna swichi inayojua kifuniko kimeguswa. Nilisahau siku moja Isanga, king'ora kikapiga, majirani wakatokea na mapanga, na mimi niko juu ya ngazi nikiwa na bisibisi mkononi. Kujieleza kulichukua muda.

Betri kuukuu usitupe kwenye moto wa takataka, lithiamu hulipuka. Zile bapa kama sarafu zifiche watoto wasizione: ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ikitokea, hospitali mara moja.

Hatua ya 6: Sensa ikinyamaza

Sensa nyingi nzuri hutuma salamu kwa paneli kila baada ya muda. Washa onyo la salamu iliyokosekana. Najua mafundi wanaolizima ili wateja wasiwasumbue. Matokeo yake sensa inakaa ukutani miezi, taa haiwaki, na mwenye duka analala kwa amani. Wangu nawaambia: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, zima king'ora, fungua kila mlango, pita kila chumba, ona kila jina likitokea kwenye simu. Kama hakuna hata moja lililotokea, angalia salio la laini ya simu iliyo ndani ya paneli kabla hujanipigia.