Kurudi baharini baada ya Ramadhani: pumzi itawahi, bega litachelewa

Mwezi mmoja bila kuogelea haukurudishi sifuri. Kinachoshuka mapema ni sehemu ya majimaji ya damu. Hupungua ndani ya siku chache, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kasi ileile ya zamani, na ndiyo maana mita 200 za mwanzo zinakukata pumzi. Hilo hutengemaa ndani ya wiki moja au mbili za tizi. Misuli nayo hupoteza nguvu kidogo tu kwa mwezi. Shida iko kwenye kano za bega, ambazo hujenga uimara polepole kuliko moyo na mapafu. Kwa hiyo anayerudi kwa pupa huumia wiki ya tatu, pumzi ikishamruhusu kufanya kazi ambayo bega bado haliiwezi.

Mpango huu ni wa wiki nne, kwa mtu aliyekuwa akiogelea mita 2,000 hadi 2,500 kila kipindi, mara nne kwa wiki. Kama ulisimama kwa sababu ya malaria au homa nyingine, usianze mpaka umalize dawa na homa iwe imekuacha kabisa. Maumivu ya kifua au kizunguzungu majini ni kutoka na kwenda kumwona daktari.

Hatua ya 1: Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya ofisi

Idi huandama na mwezi mchanga, kwa hiyo unarudi Raskazone au Sahare, fukwe zetu za Tanga, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo maji hujaa takriban saa 10 hadi saa 11, alfajiri na jioni, na saa 4 au 5 asubuhi yamekupwa mbali, unakanyaga mawe na miiba. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwezi kuandama, maji ya asubuhi hujaa kati ya saa 12 na saa 2. Hizo ndizo asubuhi za kuanzia: jua halijakolea na upepo bado umelala. Thibitisha kwenye jedwali la maji, au waulize wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea.

Ingia nusu saa kabla ya maji kujaa, ogelea sambamba na ufuko, kaa mbali na njia ya meli za bandari. Funga boya la rangi kali kiunoni ili wenye mashua na ngalawa wakuone, na awepo mtu nchi kavu anayekuangalia. Kuvuka kwenda kisiwa cha Toten kusubiri, na hata baadaye usivuke bila chombo cha kukusindikiza.

Anayefunga Sita, zile siku sita za Shawwal, azipange funga kwenye siku asizoogelea. Maji ya bahari yetu ni ya joto, unatoka jasho humo humo bila kulihisi. Kunywa nusu lita kabla ya kuingia na nusu nyingine ukitoka.

Hatua ya 2: Andaa bega kabla ya kulowa

Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate, funga ncha moja kwenye mti usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa mti, bana kiwiko mbavuni kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, shika ncha ya pili kwa mkono ulio mbali na mti, uvute kuelekea nje. Mara 15, pumzika, mara 15 tena, kisha mkono wa pili. Rudisha tyubu taratibu kwa hesabu ya tatu. Ukiiachia ikurudishe yenyewe umefanya nusu ya kazi. Kiwiko kikitoka mbavuni, mvuto ni mkali mno. Sogea karibu na mti.

Fanya hivyo kila siku ya kuogelea, wiki zote nne.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza, vipindi vitatu vya mita 1,000 hadi 1,200

Anza na mita 200 za polepole. Kisha mita 4 x 50 za kurudisha hisia ya maji: 50 mbili ukiwa umekunja ngumi, 50 mbili kwa viganja vilivyofunguka. Ngumi inakulazimisha kuvuta kwa mkono mzima kuanzia kiwiko.

Kazi yenyewe ni mita 8 x 50 mtindo huru, pumziko sekunde 20. Hesabu mikono. Kama 50 ya kwanza ilichukua mikono 44 na ya sita inachukua 50, mbinu imevunjika. Simama hapo hata kama pumzi ipo. Malizia na mita 200 za chali.

Vuta pumzi kila mikono miwili, si mitatu, na toa hewa yote puani na mdomoni uso ukiwa majini. Wengi wanaosema pumzi haiwatoshi, kumbe hawajatoa ya zamani. Na usifanye kabisa mazoezi ya kubana pumzi chini ya maji ili “kupanua mapafu”. Mtu huzirai bila dalili, hata kwenye maji ya kifuani.

Baharini hakuna ukuta. Funga madumu mawili matupu ya lita 5 kwenye nanga za mchanga, mita 50 kati yao. Kamba ya nanga ikizidi sana kina, dumu litatangatanga na kipimo chako kitakuwa cha uongo, kwa hiyo yatege maji yakiwa yamejaa. Usipokuwa na madumu, ogelea dakika moja, elea sekunde 20.

Hatua ya 4: Wiki ya pili

Vipindi vitatu bado, mita 1,400 hadi 1,600. Badala ya mita 8 x 50 weka mita 8 hadi 10 x 100, pumziko sekunde 20, kwa kasi ambayo ya mwisho inalingana na ya kwanza.

Mwisho wa wiki jipime wakati maji yamesimama baada ya kujaa. Ogelea mita 400 kwa bidii, pumzika vizuri dakika 10, kisha mita 200. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawa kwa mbili. Mfano: dakika 8:00 kutoa 3:50 ni 4:10, kasi yako ya kudumu ni 2:05 kwa mita 100. Kwenda na kurudi kukitofautiana sana, mkondo unaenda. Matokeo hayo yatupe.

Hatua ya 5: Wiki ya tatu, ya hatari

Utajisikia mzima. Ongeza kipindi cha nne, lakini kila kipindi kibaki mita 1,600. Kasi iwe sekunde 3 hadi 5 nyuma ya kipimo chako kwa kila mita 100.

Maumivu ya mbele au juu ya bega unapoinua mkono pembeni ni onyo, tofauti na uchovu wa misuli ya mgongo. Chanzo cha kawaida ni kuingiza kidole gumba kwanza, au mkono kuvuka mstari wa kichwa. Ingiza ncha za vidole, mkono ukinyooka mbele ya bega lake. Yakiendelea, siku tatu za kupiga miguu tu. Yakikuamsha usiku, nenda hospitali.

Hatua ya 6: Wiki ya nne

Vipindi vinne vya mita 2,000. Rudia kipimo. Ukiwa ndani ya sekunde 3 kwa mita 100 za kasi yako ya kabla ya Ramadhani, rudi kwenye ratiba yako ya zamani wiki inayofuata. Vibao vya mikononi vya kuvutia maji virudi mwisho kabisa: mita 200 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki, na siku ambayo bega limeamka gumu viache nyumbani.