Jinsi ya kushuti bendi jukwaani, tangu inapanda hadi inavunjika

Tamthilia ya bendi hukwama jukwaani. Ugomvi wa sebuleni mwigizaji mzuri anaumudu, lakini mtazamaji wa Mafinga aliyekulia kwenye dansi ataona vidole visivyoendana na gitaa kabla hata hajashika maneno ya wimbo. Kwa hiyo wimbo hurekodiwa kwanza, kamera ingali kwenye begi.

Ingieni studio na wanamuziki wenyewe, mtoke na kila chombo kwenye njia yake ya kurekodia: solo, rizimu, besi, dramu, tumba, saksafoni, sauti. Mwanzoni wekeni mapigo manne ya kuhesabia ili jukwaa zima lianze pamoja. Siku hiyohiyo rekodini wimbo uleule mara ya pili, kama utakavyopigwa siku za mwisho za bendi: saksafoni haipo, dramu inakimbia, kiitikio cha watu wawili kinaimbwa na mmoja. Wengi husahau hili. Matokeo yake bendi inavunjika kwa maneno tu, huku muziki ukitoka mtamu vilevile kama sehemu ya kwanza.

Sababu ya kuvunjika msiifuate mbali. Miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi za Tanzania zilimilikiwa na mashirika ya umma. Tancut Almasi ya hapo Iringa ilikuwa ya kiwanda cha kuchonga almasi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, hivyo mwanamuziki aliyeshawishiwa na bendi nyingine aliondoka mikono mitupu. Hilo linapigika picha: sare imekunjwa juu ya spika, gitaa limebaki kwenye stendi yake.

Mazoezi ya waigizaji yachukue wiki 6 hadi 8, kwa nyimbo tatu tu. Kwenye gitaa, mkono wa kushoto ujue mahali pa kila kodi (chord). Wa kulia ufuate mapigo, hasa kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, ambako gitaa la solo linaenda kasi na uongo unaonekana mara moja. Picha za karibu za vidole mpigeni mpiga gitaa halisi, amevaa shati, saa na pete ya mwigizaji. Angalieni na kucha. Mwimbaji aimbe kwa sauti kamili hata kama maiki imezimwa, maana mishipa ya shingo haiigizwi.

Spika ya kufuatishia, inayopiga wimbo uliorekodiwa ili waigizaji waufuate, iwe jukwaani. Ikiwekwa nyuma ya ukumbi, mita 17 kutoka kwa bendi, sauti inachelewa sekunde 0.05, yaani zaidi ya fremu moja (picha moja kati ya 25 za kila sekunde), na midomo inaanza kuteleza. Panapokuwa na maongezi, pigeni muziki sekunde 10 wacheza dansi washike mwendo, kisha zimeni. Waendelee kucheza kimya, wamevaa soksi.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Wekeni kamera fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50. Mkitumia fremu 24 na shata 1/48, taa za bei nafuu zinaweza kuleta mistari inayotembea kwenye picha. Jenereta nayo ikilemewa inapunguza mzunguko na taa zinacheza. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hula asilimia 15 au zaidi ya nguvu ya injini ya kawaida. Jenereta ya kilowati 10 ihesabieni 8, kisha bakizeni akiba.

Juni na Julai kuna shida nyingine, baridi: ukumbi unatakiwa uonekane una joto la watu mia, kumbe waigizaji wanatoa mvuke mdomoni. Wapeni kipande cha barafu wakinyonye kabla tu ya kamera kuwaka, wakiteme. Watanung'unika, lakini mvuke unapungua. Jasho ni gliserini na maji, nusu kwa nusu, kwa chupa ya kupulizia. Maji matupu hukauka kabla wimbo haujaisha. Lenzi ikitoka kwenye baridi ya nje, iacheni ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo itashika ukungu.

Kupanda kwa bendi kuonyesheni kwa maiki moja inayogombewa na waimbaji wawili. Baadaye kila mmoja awe na yake, mita mbili zikiwatenga, na mpiga besi akimtazama mpiga dramu badala yao.

Sini za ukumbi uliojaa zitangulie. Watu 40 wakisogezwa karibu na kamera wanatosha, ila usiku ukikolea wataanza kuulizia usafiri. Bendi ikipigia viti vitupu, shutini wao wakishaondoka.