Chipu isiyo na jina: anza na mguu wa nne

Kontroboksi, yaani kompyuta za gari, ninazonunua kwa wauza skrepa wa Kizota huja na vumbi la Dodoma hadi ndani ya soketi. Nasugua bodi kwa mswaki na spiriti, kisha natafuta chipu ya kumbukumbu, ya miguu minane, karibu na prosesa. Namba ya juu isome, ila usiiamini sana. Mara imefutika, mara ni namba ya siri ya aliyetengeneza kontroboksi.

Kabla hujaing'oa, weka mita kwenye mlio, ncha nyeusi kwenye hasi ya bodi. Mguu wa kwanza uko penye kidoti. Hesabu kinyume cha saa. Chipu hizi zina familia tatu, zinaitwa kwa namba zinazoanza 24, 25 na 93. Mita ikilia mguu wa nne, ni 24 au 25. Ikiwa wa kwanza hadi wa tatu nao wanalia, mara nyingi ni 24, maana kwa 25 mguu wa kwanza ndio wa kuiamsha chipu, unakwenda kwa prosesa. Ikilia wa tano, umekutana na 93. Hapo angalia wa sita: ukiwa hasi, utasoma kwa biti 8; ukiwa umeungwa na wa nane, biti 16. Ukikosea hapo herufi zinageuka mbili mbili: namba ya chesisi ya Volkswagen inayoanza WVWZZZ inasomeka VWZWZZ. Mimi nilidhani chipu imekufa, kumbe macho yangu.

Kuna 93 za miguu iliyogeuzwa: hasi iko wa saba, umeme wa pili. Ukiipandisha kwenye mashine ya kusomea chipu kama za kawaida, unaiua.

Ing'oe. Wapo wanaobana klipu juu kwa juu, lakini umeme wa klipu huamsha prosesa, nayo inaingilia usomaji. Isome mara tatu, ulinganishe mafaili. FF tupu toka mwanzo hadi mwisho, yaani kama haina kitu? Safisha miguu, rudia. 93C46 ina baiti 128 tu, haimalizi hata sekunde.

Usiandike chochote kwenye chipu kabla ya kuhifadhi faili la asili. Niliwahi kuruka hatua hiyo kwenye Noah ya mzee mmoja wa Kondoa. Gari ikakataa funguo zake, akashinda siku tatu hapa akinywa chai yangu bila kunisemesha. Ukishaandika, soma tena, linganisha, ndipo uirudishe kwenye bodi, kidoti kikitazama kilikokuwa. Nakipiga picha kwa simu kabla ya kung'oa.

Anayetaka nipunguze kilomita, namwonyesha barabara ya Singida.