Dar hadi Mwanza kwa ndege: kokotoa mwenyewe umbali na muda

Kazi yangu ni kukata tiketi. Mteja akishauliza bei, swali linalofuata ni "tutakaa hewani muda gani?" Wengi huanza na kilomita za basi, na hapo ndipo wanapopotea. Barabara ya Mwanza inazunguka Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Ndege inakata moja kwa moja.

Hatua ya 1. Fungua Google Maps kwenye simu, bonyeza kiwanja cha ndege bila kuachia mpaka zitokee namba mbili. Kiwanja cha Julius Nyerere ni kama 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Mwanza ni 2.44 kusini na 32.93 mashariki.

Hatua ya 2. Toa. Latitudo zinatofautiana kwa nyuzi 4.44, longitudo kwa 6.27. Zidisha kila moja kwa 111, maana huku kwetu karibu na ikweta uzi mmoja ni takriban kilomita 111 upande wowote. Unapata 493 na 696.

Hatua ya 3. Sasa ni Pythagoras wa sekondari. 493 kwa 493, 696 kwa 696, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: kilomita 853 hivi. Usiitumie njia hii kwa London. Huko kaskazini mistari ya longitudo imebanana, utapata jibu la ajabu.

Hatua ya 4. Angalia aina ya ndege kwenye tiketi. Airbus A220 ikishatulia angani huenda kama kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo 853 ni dakika 62. Ile ya pangaboi, ambayo wateja wangu wote wanaiita Bombardier, ihesabie 600, upate dakika 85. Kisha ongeza dakika 25 za ndege kutembea uwanjani, kupanda angani na kushuka. Jeti inakuwa karibu saa moja na nusu, pangaboi saa moja na dakika 50. Mawingu yakijaa juu ya ziwa rubani atazunguka, ongeza kidogo.

Hatua ya 5. Soma saa vizuri. Dar na Mwanza saa ni moja, lakini Kigali iko nyuma saa nzima. Tiketi ikisema unaondoka Dar 10:00 na kufika Kigali 10:45, usishangilie. Ni saa moja na dakika 45.

Na saa za tiketi si za Kiswahili. Niliwahi kumwambia mzee mmoja kwa simu "ndege ni saa nane", nikiisoma 08:00 kama ilivyoandikwa. Akaja uwanjani mchana, shati limepigwa pasi, ndege ikiwa imeshafika Mwanza zamani. Nauli ya pili niliilipa mimi. Siku hizi namwandikia kila mteja kwa kalamu, juu ya tiketi: saa mbili asubuhi.