Usisubiri kibali ndipo uanze

Kinachovunja moyo ugenini mara nyingi ni kusubiri, kuliko hata kukataliwa. Basi kibali cha ukaazi au cha kazi kikichelewa, shughulikia vyeti vyako vya masomo. Marekani na Kanada wengi hutumia WES (World Education Services), shirika linalolinganisha vyeti vya nje na elimu ya huko, kuvitathmini. Uingereza kuna UK ENIC, inayofanya kazi kama hiyo. Chuo ulichosoma huenda kikachukua muda mrefu kutuma nakala za matokeo, kwa hiyo waandikie leo, kweli leo.

Kisha mtafute mtu wa fani yako aliyehamia kabla yako. Usimwombe kazi, mwulize alianzia wapi na kama leseni inahitajika. Wengi hujibu kwa moyo, maana nao walipita humo. Na kama kuna kibarua unachofanya sasa kihalali, kiingize kwenye wasifu wako (CV): waajiri wengi huthamini uzoefu wa nchini mwao.