Kufuata kishoka: kumfundisha kijana uchambuzi wa riwaya

Nilipoanza kumfundisha mpwa wangu wa kidato cha pili, nilipiga marufuku neno "dhamira", yaani wazo kuu la hadithi, kwa wiki mbili. Tulisoma Hatchet (yaani "Kishoka"), riwaya ya Gary Paulsen ya mwaka 1987. Rubani anakufa kwa mshtuko wa moyo, ndege ndogo inaanguka ziwani katika misitu ya Kanada, na Brian, mvulana wa miaka 13, anabaki na kishoka alichopewa na mama yake. Kitabu ni cha Kiingereza. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiswahili, na hilo nalisisitiza.

Chagueni kitu kimoja mkifuate. Sisi tulifuata kishoka. Kila kinapotajwa, kijana apige mstari na kuandika pembeni kinafanya nini.

Usiharakishe usiku ule nungunungu anapoingia pangoni alimolala Brian. Brian anakirusha kishoka gizani, kinagonga mwamba, cheche zinaruka. Yeye anahangaika na miiba mguuni. Maana ya zile cheche anakuja kuielewa baadaye. Muulize kijana: "Kwa nini mwandishi ametuonyesha cheche mapema hivi?" Kisha nyamaza, hata dakika nzima. Mpwa wangu alizungusha penseli weee, halafu akasema, "Mjomba, kumbe moto alikuwa nao tangu mwanzo!" Hapo ndipo nikampa neno: taashira, yaani kitu kinachowakilisha wazo kubwa kuliko chenyewe.

Akidai jambo, mwulize, "Umeliona ukurasa gani?" Asipoonyesha, lifutwe bila ugomvi.

Kisha aandike aya moja: dai, sentensi ya kitabuni, maelezo yake. Akikuletea muhtasari wa hadithi, mrudishie daftari.