Namna ya Kuhariri Mkusanyiko wa Hadithi za Makaburi

Mhariri anayekusudia kukusanya hadithi fupi za kutisha kuhusu makaburi na mauti aanze kwa kuwawekea waandishi mipaka, kwa sababu mwito unaosema tu "andika kuhusu kifo" utamletea mizimu ishirini inayofanana. Mimi huwauliza waandishi wa huku Moshi swali moja: kaburi liko wapi, na nani hulipita kila asubuhi? Uchagani wafu wengi huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka jikoni, na mtoto anayekwenda kukata majani ya ng'ombe hupita kando ya kaburi la babu yake bila kulitazama. Siku masale (mmea unaoheshimiwa na Wachaga) yaliyooteshwa kaburini yatakapokutwa yameota mlangoni, hadithi haitahitaji hata tone la damu.

Miswada ikishafika, tafuta sentensi zinazotangaza hofu badala ya kuileta. Mwandishi akiandika kwamba "hofu isiyoelezeka iliwajaa waombolezaji", mwombe aifute, kisha aeleze jinsi jeneza lilivyokwama katikati, kijana mmoja akashuka kuparua udongo kwa panga, na kwaya ikalazimika kurudia ubeti wa tatu.

Historia ya kweli nayo ina adabu yake. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa huko na Wajerumani mwaka 1900, na wazao wake wamekuwa wakitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Anayekigeuza kichwa hicho kuwa zimwi la kufukuza walevi usiku arudishiwe mswada wake.

Kazi ngumu kuliko zote ni mpangilio. Usiziweke jirani hadithi mbili ambazo ndani yake wafu wanarudi, kwani ya pili itasomeka kama mzaha. Baada ya hadithi nzito ya kihambani, weka fupi yenye kejeli, tuseme ya Arusha ya baadaye ambako makaburi yanapangishwa kwa mwaka na kodi ya bibi imekwisha. Ile ndefu kupita zote isitangulie.

Andikiana mkataba na kila mwandishi, hata kama ni rafiki, kisha omba ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mchora jalada naye aambiwe mapema kwamba hutaki fuvu. Kwa kawaida atachora msalaba, nao umkatalie.